Meya wa Mji Mdogo Kuliko Malindi

South Bend, katika jimbo la Indiana, ni mji mdogo kuliko Malindi. Sensa ya Marekani ya 2020 ilikuta huko watu 103,453; sensa yetu ya 2019 ilikuta hapa watu 119,859, na hapo Wataliano wa msimu hawamo. South Bend haina bahari. Haina mnara wa Vasco da Gama, wala haijawahi kumpelekea mfalme wa China twiga kama walivyofanya wazee wetu mwaka 1415. Lakini Februari 2020 Pete Buttigieg, mtu ambaye cheo chake kikubwa maishani kilikuwa umeya wa mji huo alisimama Iowa akasema ameshinda raundi ya kwanza ya kutafuta tiketi ya urais ya chama cha Democratic. Na kweli, hesabu ya wajumbe ilipokamilika, alikuwa ameshinda, ingawa tofauti ilikuwa kiduchu.

Usiku ule matokeo hayakutoka. Programu ya simu iliyotengenezwa kupokea hesabu kutoka vituoni iligoma, na watu wakangoja kwa siku kadhaa. Barazani kwetu, karibu na soko la zamani, habari hiyo ilipokewa kwa kicheko. "Wafungue sava!" akapaza sauti kijana mmoja wa tuktuk, kahawa ikamruka mkononi. Sisi tulikuwa tumeshaona uchaguzi wa urais ukifutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba 2017, tukawa mabingwa wa fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, bila kupenda. Kumwona Mmarekani naye akingoja hesabu kulitupa faraja, wallahi, japo faraja yenyewe haikuwa ya kiungwana.

Kicheko kilipotulia, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kanjo, yaani baraza la mji, akauliza, "Sasa huyu kijana ni nani hasa?"

"Ni meya, mzee."

"Wa New York?"

"La. Wa mji kama huu wetu. Tena mdogo zaidi."

Akafikiri kidogo. "Basi amebeba nini cha kwenda kuwaonyesha watu wa Washington? Mitaro?"

Swali lile lilinifanya nimfuatilie Pete Buttigieg, kwa sababu jibu lake ni ndiyo. Alibeba mitaro. Alibeba mitaro, nyumba mbovu, polisi wa mtaani na matofali ya njia za miguu. Mambo hayo ndiyo yaliyompandisha, na hayohayo ndiyo yaliyomwangusha.

Alizaliwa South Bend mwaka 1982. Baba yake, Joseph, alihamia Marekani kutoka kisiwa cha Malta, akafundisha Chuo Kikuu cha Notre Dame na kutafsiri kwa Kiingereza madaftari ambayo Antonio Gramsci, mwanafikra Mkomunisti wa Italia, aliyaandika gerezani. Mwana akasoma Harvard, akaenda Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, kisha akaajiriwa na McKinsey, kampuni inayouza ushauri kwa wakubwa. Mwaka 2008 alipita hata kwa jirani zetu, Somaliland, akatembea kama mtalii na kuandika gazetini aliyoyaona. Mtoto wa namna hii kwetu hurudi nyumbani kwa mambo mawili, harusi na matanga. Yeye alirudi kukaa.

Hakuanzia kwenye umeya. Mwaka 2010 aligombea uweka hazina wa jimbo zima la Indiana akachapwa vibaya, kura zake hazikufika asilimia 38. Januari 2011 jarida la Newsweek likachapisha orodha ya miji ya Marekani inayokufa, South Bend imo, na siku hizohizo akatangaza kuwa anautaka umeya. Novemba akashinda kwa asilimia 74. Tarehe 1 Januari 2012 akashika kiti akiwa na miaka 29.

Mji unavyokufa, mtu wa Malindi hahitaji kuelezwa sana. South Bend ilikuwa mji wa kampuni moja, Studebaker, iliyounda mikokoteni ya farasi na baadaye magari. Desemba 1963 kiwanda kikafungwa. Mwaka 1960 wakazi walikuwa zaidi ya 132,000. Kufikia 2010 walibaki 101,000 na kidogo. Kiwanda chetu sisi ni mtalii. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 yalimfukuza, akarudi pole pole, kisha mashambulizi ya kigaidi na tahadhari za usafiri za 2014 zikamfukuza tena. Pita leo njia za kuteremka ufukweni uone mageti yaliyoshika kutu, mabwawa ya kuogelea yaliyoachiwa vyura, na mlinzi mmoja aliyebaki analinda kitu ambacho hata yeye hajui sasa ni cha nani.

Ndiyo maana kisa cha nyumba nilikisoma kwa makini kuliko vingine vyote. Watu walipohama South Bend waliacha nyumba nyuma. Nyumba isiyo na mtu huleta panya, moto na mateja, na humshushia thamani jirani ambaye bado anajikaza kulipa kodi. Mwaka 2013 Buttigieg akatangaza kuwa nyumba 1,000 zitashughulikiwa katika siku 1,000: ya kukarabatiwa ikarabatiwe, ya kubomolewa ibomolewe. Hesabu ilitimia kabla ya siku zenyewe kwisha, mwaka 2015. Nyingi zilibomolewa.

Ukiniuliza mimi, hiyo ni namba tamu mno. Elfu kwa elfu ni namba iliyozaliwa ikijua itaandikwa kwenye bango. Chini yake kulikuwa na watu. Nyumba nyingi kati ya hizo zilikuwa katika mitaa ya Weusi na Walatino wa kipato kidogo, na si kila mwenye nyumba alikuwa ametoroka. Wengine walikuwa wanakarabati kwa mwendo wa mfuko wao, mwezi huu dirisha, mwezi ujao paa, wakajikuta wanapigwa faini na kuandikiwa ilani ya kubomolewa. Walilalamika, na baadaye mji ukalegeza. Mtu wa Pwani akisikia maneno "ilani" na "kubomolewa" katika sentensi moja hushtuka, maana huku kuna aliyezaliwa na kuzikiwa babu zake juu ya ardhi isiyo na hati, na kuna mwenye hati ambaye hajawahi kuikanyaga ardhi hiyo. Nikiwaza meya wetu akipewa siku 1,000 na tingatinga, sijui kama ningeshangilia.

Hata hivyo, aliyebisha South Bend alijua pa kwenda kubishia. Hilo nililishika.

Mitaro nayo. Kama miji mingi ya zamani ya Marekani, South Bend maji ya mvua na maji taka hupita bomba moja, na mvua ikizidi vyote viwili humwagikia mto St. Joseph. Kabla Buttigieg hajaingia, mji ulikuwa umeshaanza kutia vifaa vya kupimia maji ndani ya mabomba, kwa kushirikiana na watu wa Notre Dame, ili maji yageuzwe kuelekea bomba lenye nafasi badala ya kuchimba mabomba mapya kila mahali. Si yeye aliyeubuni mpango huo. Aliuendeleza, tena akajua kuusimulia, na kusimulia mtaro mpaka msikilizaji wa jimbo jingine akae kusikiliza ni kipaji ambacho wanasiasa wengi hawana. Akaanzisha pia namba 311, ya kupigwa na yeyote aliyeona shimo barabarani au takataka zisizozolewa. Sisi masika yakianza tunapiga picha ya mtaro uliofurika, tunaitupa kwenye kikundi cha WhatsApp, na anayejibu ni mtu wa mtaa wa pili mwenye picha ya mtaro wake.

Mwaka 2014, akiwa bado meya, aliitwa kazini kama askari wa akiba wa jeshi la wanamaji, akakaa Afghanistan miezi saba huku naibu akiushika mji.

Juni 2015 aliandika katika gazeti la mji kwamba yeye ni shoga. Mwaka 2018 akaoana na mwanamume, Chasten. Hapa najua baadhi ya wasomaji wangu wanaanza kuinuka, na barazani kwetu pia kuna walioinuka. Nawaomba mkae, kwa sababu ninachokitazama ni kura. Mwaka ule wa 2015 ulikuwa wa uchaguzi, jimbo lilikuwa Indiana, gavana wake alikuwa mhafidhina Mike Pence, na bado wakazi wa South Bend wakamrudisha kitini kwa asilimia 80. Wengi wao bila shaka walikuwa na maoni yao kuhusu maisha yake, lakini walikuwa wamemwona miaka mitatu na zaidi akihangaika na barabara zao. Siasa ya mji mdogo ina hiyo faida. Mtu hupimwa kwa kitu ambacho kila mmoja anakipita akienda sokoni.

Jina la ukoo linawashinda hata Wamarekani kulitamka, wakamwita "Mayor Pete", yaani Meya Pete, basi. Hapa pia aliyekuwa meya hubaki Meya mpaka anazikwa, hata kama alikalia kiti kidogo tu. Mwaka 2017 alijaribu uenyekiti wa chama chake kitaifa, akajitoa siku ya kura. Tarehe 14 Aprili 2019 akatangaza kugombea urais ndani ya jengo la zamani la Studebaker, mvua ikivuja paa. Sina hakika mshauri wa picha angeweza kupanga vizuri zaidi.

Miezi miwili baadaye mji ukamfuata. Juni 2019 polisi mzungu wa South Bend alimpiga risasi na kumuua mwanamume Mweusi wa miaka 54, na kamera ya kifuani haikuwa imewashwa. Buttigieg akaacha kampeni akarudi nyumbani, akakutana na wakazi kwenye mkutano wa hadhara, akazomewa. Na waliomzomea hawakuwa wageni. Walikuwa watu wa 311. Walikumbuka kwamba mwaka 2012, miezi michache tu baada ya kuapishwa, alimshusha cheo mkuu wa polisi wa kwanza Mweusi wa mji huo katika sakata la simu zilizorekodiwa. Walijua kwamba Weusi ni kama robo ya wakazi, na kwamba katika kikosi cha polisi walikuwa wamepungua wakati wake badala ya kuongezeka. Siku chache baadaye, kwenye mdahalo wa televisheni, aliulizwa kwa nini. Akajibu kuwa ni kwa sababu hakuweza kulifanikisha.

Nililirudia jibu hilo kwa wale wa barazani. Mzee wa kanjo akasema, "Huyo angekuwa hapa angesema ni serikali iliyotangulia." Sote tukakubaliana naye, jambo ambalo si la kawaida.

Baada ya Iowa, ambako mgombea mwenzake Bernie Sanders alimzidi idadi ya kura lakini yeye akazidi kwa wajumbe, na siku chache kabla ya New Hampshire, alikokuja kuwa wa pili nyuma ya Sanders, mgombea mwingine, Joe Biden, akatoa tangazo la kumkejeli. Upande mmoja wa tangazo Biden anaokoa viwanda vya magari na kupitisha sheria ya afya; upande wa pili Pete anapamba daraja kwa taa za rangi na kutandaza matofali ya urembo kwenye njia za miguu. Tangazo hilo lilinichekesha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Kura zake za umeya za 2015 hazikufika 9,000, idadi inayomkaribia mwakilishi wadi wa kwetu, na mtu akitaka kumdharau hapo pana nafasi ya kutosha. Lakini aliyekanyaga tofali lililotulia, akiwa amebeba mtoto mgongoni na ndoo mkononi, hawezi kulicheka.

Tarehe 29 Februari, South Carolina, ambako wapiga kura wa Democratic wengi ni Weusi, alikuwa wa nne na asilimia kama 8. Kesho yake akajitoa. Yaliyomshinda kule South Carolina yalianzia nyumbani South Bend. Biden aliyemcheka akamfanya waziri wa uchukuzi mwaka 2021, na mtu wa matofali akakabidhiwa fedha za barabara na madaraja ya nchi nzima.

Wamarekani wenyewe hawajawahi kumtoa meya kitini wakampeleka moja kwa moja ikulu. Andrew Johnson, Grover Cleveland na Calvin Coolidge waliwahi kuwa mameya, ila kila mmoja alipanda kwanza vyeo vingine. Michael Bloomberg, aliyeongoza New York miaka kumi na miwili, alimwaga zaidi ya dola bilioni moja mwaka huohuo wa 2020 na akashinda visiwa vya American Samoa peke yake.

Kenya ngazi hiyo tulikuwa nayo. Grace Onyango aliushika umeya wa Kisumu, na mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni baada ya uhuru. Najib Balala alikuwa meya wa Mombasa mwishoni mwa miaka ya tisini kabla ya kuwa mbunge wa Mvita na waziri. Na hapa kwetu kuna Gideon Mung'aro, meya wa zamani wa Malindi. Uchaguzi wa 2007 ulimpa ubunge wa Malindi, wa 2013 ukampa wa Kilifi Kaskazini. Mwaka 2017 aliutaka ugavana kwa tiketi ya Jubilee akashindwa na Amason Kingi, na mwaka 2022 akaupata kwa tiketi ya ODM. Simpigii kampeni wala simpigi vijembe. Nasema tu kwamba kati ya kiti cha mji na kiti cha kaunti ilimchukua safari ndefu, na kwamba katika Malindi huenda yeye ndiye wa mwisho kuipanda ngazi ile.

Umeya wenyewe wa zamani usidhani ulikuwa pepo. Meya hakuchaguliwa na sisi, alichaguliwa na madiwani, na kila ulipokaribia uchaguzi wa meya ilikuwa kawaida kusikia madiwani wamefichwa hotelini wasije wakanunuliwa na upande wa pili. Cheki ilikuwa ya karani wa mji, aliyeletwa kutoka Nairobi. Meya alikuwa na mkufu na joho. Mzee wa kanjo anasimulia kuwa joho hilo lilikuwa la kitambaa kizito, lilipigwa pasi asubuhi ya sherehe, na likishavaliwa kwa joto la Machi jasho lilikuwa likimtiririka Mheshimiwa mpaka kwenye hotuba. Madaraka yake yalikuwa kidogo kuliko fahari yake.

"Lakini tulimjua nyumbani kwake," akaongeza. "Takataka zikikaa siku tatu, akina mama wanampitia asubuhi hajanywa chai."

Machi 2013 mabaraza ya miji yakafutwa nchi nzima, madiwani wakageuka wawakilishi wa wadi, na mji wetu ukaingizwa ndani ya kaunti ya watu 1,453,787 kwa hesabu ya 2019, makao makuu Kilifi. Bunge la kaunti lilikuja kukaa Malindi, heshima hiyo tulipewa. Ugatuzi umetuletea mengi na sitaki kuonekana nautukana. Kuna zahanati na barabara huko Magarini na Ganze ambazo kanjo ya Malindi isingezijenga hata ikae miaka mia. Gavana hata hivyo ana Ganze ya kiu, ana Kaloleni, ana Rabai, na mtaro wa Maweni au Kisumu Ndogo ni jambo dogo mno mezani kwake, haki yake. Mwakilishi wa wadi ana wadi yake tu. Mbunge kazi yake ni sheria, ingawa sisi humwomba karo na sanda. Mji una hadhi ya manispaa, una bodi na una meneja, watu wanaoteuliwa. Mteuliwa hampitii mtu mwenye kikombe cha kahawa kumuuliza anasemaje, kwa sababu hana haja naye.

Basi wanaotaka vyeo vikubwa kutoka Malindi siku hizi hupanda bila kuwahi kubeba mji mzima mgongoni. Wapo wanaotoka kwenye zabuni, wapo wa wakfu na mashindano ya kandanda, wapo wa jina la baba. Baadhi ni watu wazuri. Lakini ukiwauliza waliwahi kuahidi nini kwa tarehe na kushindwa mbele ya jirani zao, hakuna faili la kufungua. Buttigieg, kwa mazuri na mabaya yake, alikuja na faili nene kama la mahakama ya kadhi.

Sasa anaishi Traverse City, Michigan. Machi 2025 alitangaza kuwa hatagombea useneta wala ugavana wa jimbo hilo mwaka 2026, na wanaojua hesabu za Washington wakaelewa kuwa anatazama 2028. South Bend haikumngoja. Ilimchagua James Mueller mwaka 2019, ikamrudisha 2023, na mashimo ya barabarani sasa ni yake. Sisi uchaguzi wetu ni tarehe 10 Agosti 2027. Tutapewa karatasi sita za kura: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wadi. Ya mji haimo.